Meseji imeingia, dirishani "haijasoma"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Muheza, mkoani Tanga. Kibanda changu kiko jirani na stendi na nimekaa ndani yake tangu mwaka 2011. Kila wiki nasoma gazetini kwamba huduma fulani imehamia kwenye simu, nami hufurahi, kwa sababu kazi hii ndiyo inayonilisha na ndiyo iliyosomesha wanangu. Lakini kuna jambo nimelibeba moyoni tangu mwanzo wa mwaka huu na nisipolisema litanikaba. Wanaotengeneza huduma hizi huishia pale simu inapolia kwamba malipo yamepokelewa. Mwananchi haishii hapo. Yeye bado ana safari ya kwenda dirishani, kwa karani, kwa mlinzi, kwa daktari, au kurudi nyumbani kwenye mita yake, na kipande hicho cha njia mara nyingi hakina mwenyewe.

Mwezi wa pili nilimpeleka mama yangu hospitali. Ana miaka 71 na jicho lake la kulia limefungwa na mtoto wa jicho. Alikuwa amepewa rufaa kwenda hospitali moja kubwa nje ya mkoa wetu. Sitaitaja, kwa sababu wafanyakazi niliowakuta pale walikuwa watu wema na sitaki waadhibiwe kwa jambo ambalo si wao waliolipanga. Tulilala kwa ndugu, na saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa getini. Tukaandikishwa, tukapewa namba ya malipo, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99 ambazo siku hizi kila mtu anazijua. Nikalipa palepale kwenye benchi. Hiyo ndiyo kazi yangu, haikunichukua hata dakika mbili. Meseji ikaingia: malipo yamepokelewa, kiasi, namba ya risiti, tarehe na saa. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini.

Nikamshika mama mkono tukaenda dirishani. Kijana aliyekuwa ndani akaandika namba kwenye kompyuta, akatazama, akaandika tena.

"Mama, kwangu haijasoma."

"Meseji hii hapa mwanangu, isome."

Nikaibandika simu kwenye kioo. Akainama, akaisoma yote mpaka mwisho, midomo yake ikicheza. "Naiona, mama yangu. Lakini kwangu haijasoma. Kaeni pale kidogo."

Tukakaa. Kwenye benchi lile tulikuwa watu sita, na wanne kati yetu tulikuwa na meseji ya namna ileile mkononi. Kulikuwa na kijana mwenye simu kubwa ya bei, kulikuwa na baba mmoja mwenye kiswaswadu kilichofungwa kwa mpira wa manati. Kila baada ya muda mmoja wetu anainuka, anakwenda dirishani, anarudi. Mama haoni vizuri, kwa hiyo kila mtu akiinuka ananiuliza, "Tumeitwa?" Nikamjibu hivyo mara saba au nane, kwamba bado.

Saa tano kasoro yule kijana akanipungia mkono: imesoma. Nikamshukuru. Nikamwomba risiti, akaniambia siku hizi hawatoi karatasi, kila kitu kiko kwenye mfumo, tuende tu kliniki ya macho. Tukaenda. Kwenye mlango wa kliniki kuna mlinzi, mtu mzima wa makamo, amesimama na rungu lake kwapani.

"Risiti."

Nikampa simu. Akaitazama, akanirudishia. "Mimi nimeambiwa nione karatasi, dada yangu. Simu siwezi kuijua kama ni ya kweli."

Mhariri, huyu mlinzi hakuwa na kompyuta wala mtu wa kumuuliza. Ameajiriwa kulinda mlango, na alichoambiwa siku aliyopewa kazi ni kuona karatasi. Nikamwacha mama kwenye kivuli, nikavuka barabara mpaka kwenye steshenari. Binti wa pale hakuniuliza swali hata moja. Inaonekana watu kama mimi anao wengi. Akaipiga picha ile meseji, akaichapa kwenye karatasi kwa shilingi 500. Nikarudi nayo mbio. Mlinzi akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye mkebe wake, akafungua mlango. Maneno yalikuwa yaleyale, herufi kwa herufi.

Kufika ndani, saa sita na dakika ishirini, muuguzi akatueleza kwa upole kwamba daktari ameshaingia chumba cha upasuaji na orodha ya siku hiyo imefungwa, turudi kesho. Tukalala usiku mwingine kwa watu. Mama hakulalamika. Alichosema njiani ni, "Kumbe hata ukilipa." Neno hilo linanirudia kila ninapompa mteja simu yake na kumwambia tayari.

Nimewaza sana ni nani aliyekosea siku ile, na sikumpata. Kijana wa dirishani alifuata alivyoelekezwa, na mlinzi vilevile. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na wote wawili meza moja siku ile walipoamua kwamba dirisha halitoi tena karatasi, akamwambia mlinzi: kuanzia leo utakachokiona ni hiki. Ofisi iliyoondoa karatasi ilimaliza kazi yake vizuri, kwa upande wake. Mlangoni hakufika mtu.

Na kuhusu mfumo kuchelewa kusoma, hilo mimi silioni kuwa kosa kubwa. Sisi watu wa pwani tunajua maji yana kupwa na kujaa. Mtandao nao una saa zake, hasa mwisho wa mwezi. Kosa ni kutengeneza huduma kana kwamba maji yatajaa siku zote. Nieleze tunavyofanya sisi mawakala, maana hapa ndipo penye ujuzi wetu na sijawahi kuona mtu akiuliza.

Mezani kwangu, kando ya simu, kuna kitabu, kaunta buku ya kawaida, na kalamu imefungwa kwa kamba ili isiondoke na wateja. Muamala ukining'inia, yaani pesa imekatwa kwa mteja na kwangu floti, yaani salio langu la kufanyia kazi, haijaongezeka, au kinyume chake, simwambii mtu akae pembeni. Naandika saa, namba ya simu, kiasi, na namba ya muamala kama ipo. Mteja anatia sahihi au dole gumba. Napiga simu kwa huduma kwa wateja, wananipa maelezo, naandika hayo pia. Kama ni mtu ninayemfahamu na kiasi ni kidogo, nampa pesa yake aende zake, nami nabaki nasubiri. Kama ni kiasi kikubwa, anajua atarudi saa ngapi na atamkuta nani. Meseji ikija, naweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Kwa miaka yote hii miamala iliyonipotea kabisa kwa njia hiyo inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na nimepotezewa zaidi na noti za bandia kuliko na mtandao.

Kijana wa dirishani hakuwa na kaunta buku. Hakuwa na mahali pa kuandika "huyu kalipa, namba ya risiti ni hii, apite, nitahakiki mchana." Hakupewa ruhusa hiyo. Na yeye ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyeisoma meseji yangu mwanzo mpaka mwisho na kuiamini.

Binti wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni Dodoma. Alipokuja likizo nikamsimulia haya, akaniambia, "Mama mdogo, hilo linafundishwa." Akanieleza kwamba mwaka 1984 mwanamke mmoja Mmarekani, Lynn Shostack, aliyekuwa mtu wa benki, aliandika makala katika jarida la Harvard Business Review akionyesha kwamba huduma inaweza kuchorwa kwenye karatasi kabla haijaanza, kama fundi anavyochora ramani ya nyumba kabla ya kumwaga msingi. Na mfano aliouchora, Mhariri, ni wa mpiga kiwi viatu wa kando ya barabara.

Hapo nilimsimamisha binti na kumwonyesha dirishani. Mbele ya kibanda changu wapo vijana wawili wanaopiga kiwi viatu, na mmoja wao ni mteja wangu wa kila siku jioni. Tukaangalia kazi yake hatua kwa hatua kama Shostack alivyoiandika: kupiga brashi, kupaka kiwi, kung'arisha kwa kitambaa, kupokea pesa. Shostack aliandika na muda: kazi yenyewe dakika 2, na mteja atavumilia mpaka dakika 5. Halafu akaweka alama mahali pa hatari, pale mtu anapoweza kupaka kiwi cha rangi isiyo yake, akachora na njia ya kutokea: futa, safisha, anza upya. Chini ya yote akapiga mstari, na chini ya mstari huo akaweka yale ambayo mteja hayaoni, kama kwenda kununua kiwi na vitambaa. Bila hayo kazi ya juu haifanyiki.

Usiku ule mimi na binti tukageuza kalenda ya mwaka jana, tukachora ile hospitali upande wa nyuma. Geti, uandikishaji, namba ya malipo, simu yangu, dirisha, mlango, muuguzi, daktari. Tukachora mishale. Mshale wa simu kwenda dirishani ulikuwepo. Mshale wa dirisha kwenda mlangoni haukuwepo. Na tulipofika pale penye "kwangu haijasoma", kalamu ya binti ikasimama, kwa sababu hapakuwa na njia yoyote ya kutokea iliyochorwa. Mpiga kiwi akikosea rangi anajua la kufanya. Hospitali yenye majengo ya ghorofa haikuwa imeweka hilo.

Nisionekane kama mtu anayelaumu tu. Ipo huduma inayotumika na nchi nzima ambayo kwa maoni yangu imeunganisha simu na ukuta wa nyumba kwa namna ya kupigiwa mfano, nayo ni umeme wa LUKU, ule unaolipiwa kabla ya kutumia. Tazameni inavyokwenda. Unaandika namba ya mita, tarakimu 11, unalipa, unaletewa tarakimu 20. Kutoka hapo mtandao umemaliza kazi yake. Hizo tarakimu unaweza kuziandika kwenye kiganja, ukampa mtoto akimbie nazo nyumbani. Kijana aliye Dar es Salaam anamnunulia bibi yake aliye kule juu Amani, halafu anamsomea kwa simu, tarakimu nne, anatua, nne, mpaka zimalizike. Mita haihitaji mtandao. Inazisoma tarakimu zenyewe, inajua ni zake au si zake, na inajua kama zilishatumika. Aliyebuni hivyo alikubali kwamba kati ya simu na mita kuna mtu anayetembea kwa miguu, huenda gizani, na akahakikisha anachokibeba mtu huyo kinatosha.

Mwaka 2024 tukaona jambo kubwa zaidi. Mita za namna hii, hapa na katika nchi nyingine nyingi, zilikuwa zinahesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo mita ambayo haijaboreshwa isingepokea umeme mpya. Fikirieni idadi ya nyumba. Haikuhitajika fundi aende kila mlango wala mwananchi aende ofisini. Ukinunua umeme, unapata makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yanabadilisha ufunguo ndani ya mita, yaani namba ya siri inayotumia kutambua tarakimu zake, la tatu ndilo umeme wenyewe. Unaingiza la kwanza, la pili, la tatu, basi.

Siku zile kibanda changu kilijaa. Babu mmoja aliyefanya kazi mashamba ya mkonge maisha yake yote alikuja na simu yake akasema, "Mwanangu, tarakimu 60, na macho yangu haya?" Nikakata kipande cha boksi la sabuni. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, juu kabisa namba 1 nimeizungushia duara, chini yake tarakimu za kundi la kwanza nne nne, mistari mitano. Kipande cha pili namba 2. Cha tatu namba 3. Nikamwambia babu, ukimaliza boksi moja liweke chini ya kiti ndipo ushike jingine. Mwanangu wa kiume akamsindikiza na tochi. Akasimulia baadaye kwamba babu alikataa kusaidiwa kubonyeza. Alibonyeza mwenyewe, polepole, akitaja kila tarakimu kwa sauti, na boksi la tatu lilipokwisha na mita ikakubali, alisimama akaigonga mita kwa kidole mara mbili kama mtu anayemsalimia rafiki.

Vile vipande vya boksi navyo ni huduma. Havikuwa kwenye mchoro wa mtu yeyote, lakini bila hivyo, kwa babu yule, kazi ya wahandisi wote isingefika. Mawakala nchi nzima waliandika maboksi ya namna hiyo, na wenye steshenari, na wajukuu. Ninachoomba ni kwamba wabunifu watuhesabu. Kama wanajua kwamba mzee atahitaji maandishi makubwa, basi tuletewe mapema karatasi iliyopangwa vizuri, tujaze tu.

Nigusie meseji zenyewe. Meseji moja ya simu ya kawaida hubeba herufi 160. Ikizidi hapo hukatwa vipande, na kwenye kiswaswadu cha zamani kipande cha pili kinaweza kutangulia cha kwanza. Sasa mtu anatumiwa salamu za kukaribishwa, jina refu la taasisi, shukrani kwa Kiingereza, kisha namba anayoihitaji iko mwisho kabisa, imekatika katikati. Nimeshuhudia mama mmoja akisoma nusu ya namba dirishani na kurudishwa. Namba itangulie. Iandikwe kwa Kiswahili, iandikwe na la kufanya baadaye: nenda dirisha fulani, onyesha meseji hii, hulipi tena. Maneno hayo yote yanatosha ndani ya 160, nimeyahesabu.

Kuna hatari nyingine ndani ya pengo hili ambayo watu wa ofisini huenda hawaioni. Pale huduma isipomfikisha mtu mpaka mwisho, hutafuta mkono wa kumsaidia, na si kila mkono ni mwema. Wazee hunipa simu na kunitajia namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni. Nawarudishia, nawaambia waiandike wenyewe, nami nageuza uso. Lakini menyu haingoji, mzee akitafuta namba kwa kidole kinachotetemeka, menyu inakata, anaanza upya, mara ya tatu anachoka na kusema, "Wewe bonyeza tu." Na matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanaishi kwa mkanganyiko huohuo. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba meseji aliyo nayo haitoshi, akipigiwa simu na sauti ya upole ikamwambia malipo yake hayajaonekana, atume tena, anaamini. Mbona juzi hayakuonekana kweli?

Watakuwepo wa kusema kwamba haya yataisha vijana wote wakiwa na simu janja. Siamini. Yule kijana mwenye simu ya bei alikaa nasi benchi lile muda uleule tuliokaa sisi. Simu ikiwa nzuri kiasi gani, jicho la mama yangu bado litapasuliwa na mikono, ndani ya chumba, na chumba kina mlango, na mlango una mlinzi.

Hata M-Pesa yenyewe, ambayo leo tunaiona kama kitu cha simu, ilipata sura yake dukani. Kabla ya kutangazwa kwa umma Kenya mwezi Machi 2007 na kufika kwetu Aprili 2008, ilijaribiwa kule Kenya kuanzia mwaka 2005 kwa wateja wasiofika 500. Lengo la mwanzo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo. Waliokuwa wakiitengeneza wakaona watu wanaitumia kwa mambo yao: mtu anaweka pesa kwa wakala kabla ya kuanza safari na kuitoa akifika, ili asibebe fedha njiani, mwingine anamtumia mwenzake. Wakaacha kung'ang'ania marejesho, wakaijenga upya kwa ajili ya kutuma pesa. Walijua hayo kwa sababu walikuwa wakiangalia watu wanafanya nini mbele ya meza ya wakala. Ndiyo maana mpaka leo mteja akinipa noti, simu yangu na yake hulia pamoja, na wote wawili tunasoma kitu kimoja kabla hajaondoka. Hicho ndicho ninachotamani kukiona kati ya dirisha na mlango wa kliniki.

Na majirani zetu wa Kenya wamefanya jingine la kuigwa. Tangu Novemba 2013 wana vituo vya Huduma Centre, ambapo mtu hukuta ofisi nyingi chini ya paa moja, na alichokianza mtandaoni anaweza kukikamilisha hapo kwa mtu aliyekaa kiti cha mbele yake. Shemeji yangu aliyeko Mombasa ndiye aliyenisimulia, akasema kubwa kwake ni kwamba hakuhangaika kubeba karatasi kutoka jengo moja hadi jingine.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohusika, iwe ni Serikali, hospitali, vyuo au kampuni za mabasi, ni hili. Kabla ya kutangaza kwamba huduma iko mtandaoni, mchukueni mtu mmoja mwenye umri wa mama yangu, mwenye kiswaswadu, mmfuate kutoka nyumbani kwake mpaka apate alichokifuata, bila kumsaidia. Mwandike kila anapouliza swali. Mwiteni mlinzi kwenye kikao, na mfagizi pia, kwa sababu yeye ndiye anayeulizwa njia kuliko mkurugenzi. Wekeni kanuni ya dakika: meseji ipo mkononi, na kwenye kompyuta haijasoma kwa dakika 15, karani aandike kwenye kitabu na mtu apite. Mkiogopa meseji za kughushi, wekeni namba ambayo mlinzi anaweza kuihakiki kwa simu yake ya kawaida palepale mlangoni. Mawakala tunahakiki hivyo kutwa nzima, si jambo la ajabu.

Na kama wapo wanaochora huduma mpya sasa hivi, nawakaribisha Muheza. Msije katikati ya wiki asubuhi, hamtaona kitu. Njooni siku ya gulio, au msimu wa machungwa watu wanaposhuka na mizigo kutoka milimani, au siku mbili za mwisho wa mwezi. Nafungua saa moja kamili. Kuna benchi nje upande wa kivuli, linakaa watu watatu, na kutoka pale mnaweza kusikia kila mteja anachouliza. Kaunta buku nitawapa muisome, nimeficha tu majina. Jioni mtamsindikiza babu mmoja mpaka kwenye mita yake, si mbali, ni nyuma ya msikiti.

Mama alipasuliwa siku ya pili yake, na jicho limefunguka. Anarudi kuangaliwa wiki mbili zijazo. Karatasi ya shilingi 500 nimeshaipangia bajeti.

Wakala wa miamala,
Muheza, Tanga
(jina langu mnalo, naomba lihifadhiwe)